Shajara ya mradi: templeti ya Lemon kwa lugha ndogo ya friji za chanjo

Jumamosi mchana

Kifaa chenyewe kipo na kinafanya kazi, kinasoma joto la friji ya chanjo na kutuma meseji likitoka nje ya nyuzi 2 mpaka 8, sasa kilichobaki ni lugha. Mpaka leo kila zahanati ikitaka kanuni tofauti inabidi mtu afungue boksi na kuandika upya programu nzima kwenye chipu, na hiyo haiwezekani kabisa mtu akiwa mbali. Nataka muuguzi atume kanuni kwa meseji ya kawaida, kitu kama hiki:

joto > 8 kwa dakika 30 basi piga;
joto < 2 basi piga;
mlango wazi kwa dakika 5 basi andika;

Akikosea, kifaa kimjibu kwa Kiswahili kinachoeleweka, kimwambie amekosea wapi na kilitegemea nini. Hilo la mwisho ndo moyo wa mradi wote. Ukimwambia muuguzi "syntax error" umemwambia hamna kitu, na chanjo zinaendelea kuharibika.

Ningeweza kuandika kichanganuzi, yaani programu inayosoma maandishi na kuelewa muundo wake, kwa mkono, kwa kanuni tatu hizo ni kazi ya jioni moja, lakini tayari watu wanaulizia maneno "na" na "au", pamoja na mabano, na najua hii kitu itakua. Kwaiyo natumia programu ya kuzalisha kichanganuzi, wewe unaandika sarufi, yenyewe inatoa faili la C. Nimechagua Lemon ya D. Richard Hipp, ile inayozalisha kichanganuzi cha SQL ndani ya hifadhidata ya SQLite. Yote ni mafaili mawili tu kwenye folda ya tool ya SQLite: lemon.c ambayo ndo programu, na lempar.c ambayo ndo templeti, kiunzi cha C ambacho Lemon inakijaza. Lemon ni ya zamani, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kwenye mashine ya Sun4, ilikua na mwenzake wa LL(1), njia nyingine ya kuchanganua, aliyeitwa Lime ambaye msimbo wake ulishapotea.

Kuna sababu mbili za kuacha pembeni Bison, programu nyingine ya kazi hiyohiyo. Kwanza Lemon inaniruhusu nimlishe kichanganuzi tokeni (neno, namba au alama) moja moja, yaani mimi ndo naita fanksheni ya Parse kila nikipata neno, sio yenyewe iniite mimi. Meseji ikiwa inaingia herufi kwa herufi kutoka kwenye modemu ya GSM hii inakaa vizuri sana. Bison nayo inaweza ukiiwashia hiyo njia, ila kwa Lemon ndo maumbile yake. Pili ni templeti zenyewe. Za Bison zimeandikwa kwa M4, lugha ya kubadilisha maandishi, na kusoma M4 ndani ya C kunataka roho ngumu. lempar.c ni C ya kawaida yenye alama chache, unaisoma juu mpaka chini kwa kikao kimoja.

Na kuna la leseni ambalo watu wengi hawalifikirii. Templeti haibaki kwenye kompyuta yako, maandishi yake yananakiliwa mazima ndani ya faili linalozalishwa, kwaiyo yanaingia kwenye bidhaa yako. Bison iko chini ya leseni ya GPL, inayotaka kazi inayotokana nayo iwe GPL pia, ndo maana wameweka ruhusa maalum kwa maandishi ya templeti, na kabla ya toleo la 2.2 ruhusa hiyo ilihusu vichanganuzi vya C vya aina ya LALR(1), ile ya kawaida ya Bison, tu. Lemon haina mwenyewe, ni mali ya umma, templeti na programu yake.

Jumapili

Leo sijaandika sarufi, nimeisoma lempar.c tu. Nawashauri wote wanaotumia hizi programu waanze hivyo hivyo, someni templeti kabla ya kitabu cha maelezo, maana kila mtakachokutana nacho wakati wa kukompaili na wakati programu inatembea kimo humo. Wazo ni la zamani, yacc ya Stephen C. Johnson ya Bell Labs nayo ilikua na faili lake la yaccpar, na ndani yake mstari wenye $A ukionyesha vitendo vya sarufi viingie wapi.

Kwenye Lemon alama ni mstari unaoanza na %%. Programu inasoma templeti mstari kwa mstari na kuuandika nje kama ulivyo mpaka ikutane na %%, inasimama, inamwaga sehemu yake iliyozalisha, alafu inaendelea kunakili mpaka %% inayofuata. Basi. Alama hazina majina. Hamna sehemu imeandikwa "hapa weka majina ya tokeni", ni mpangilio tu: ya kwanza ni vitu vya %include, baadae namba za tokeni, makro za udhibiti, majedwali, mbadala za %fallback, majina ya tokeni, na kuendelea mpaka vitendo vya sarufi na vile vya makosa. Ni kama karani anaejaza fomu bila kusoma vichwa vya visanduku, anafuata foleni aliyokariri.

Nikaijaribu makusudi. Nimenakili templeti, nikafuta alama moja katikati. Lemon haikulalamika hata neno moja, imezalisha faili kamili ambalo majina ya tokeni yamekaa sehemu ya majina ya kanuni za sarufi na kila kilichofuata kimesogea nafasi moja, na kipande cha mwisho kimetupwa baada ya mwisho wa templeti. Nikarudisha, nikaongeza alama ya ziada mwishoni. Hapo ikanakili mpaka kwenye hiyo ya ziada na kusimama, mistari yote iliyobaki chini yake haipo. Kimya pia. Kompaila ndo inakuja kupiga kelele baadae, tena kwa namba za mistari ya faili lililozalishwa, sio za templeti.

Kwaiyo kabla ya kugusa chochote nimeweka ulinzi kwenye Makefile, faili la hatua za kukompaili: grep -c '^%%', yaani kuhesabu mistari inayoanza na %%, kwenye lempar.c ya asili na kwenye templeti yangu, namba zisipolingana kazi inasimama hapohapo. Ni mstari mmoja na naona ungetakiwa uwepo kwenye kila mradi unaobadili templeti hii.

Lingine nililolipenda ni jinsi jina linavyobadilishwa. Ukiandika %name Kanuni kwenye sarufi, kila "Parse" kwenye templeti inageuka "Kanuni", unapata KanuniInit, KanuniFinalize na wenzake. Lakini inageuka tu kama herufi iliyotangulia sio alfabeti. Ndo maana yyParser na yypParser zinabaki salama, kabla ya P kuna herufi. Ukiandika komenti yako inayoanza na neno Parser utaikuta imekua "Kanunir" kwenye faili la mwisho, haina madhara ila ujue imetoka wapi. Mstari wa chini unaounganisha maneno sio alfabeti, kwaiyo fanksheni yako ukiiita safi_Parse nayo itabadilishwa.

Jumatatu usiku

Templeti yangu inaitwa kanuni.lt. Lemon kabla ya kutafuta lempar.c inaangalia kwanza kama pembeni ya faili la sarufi kuna faili lenye jina lilelile na mwisho wa .lt, kwangu sarufi ni kanuni.y, kwaiyo inaichukua kanuni.lt bila kuambiwa. Ukitaka kuilazimisha nyingine kuna -T. Sitegemei lemon iliyowekwa na apt, naikompaili mwenyewe kutoka kwenye lemon.c iliyo ndani ya mradi, maana mafaili haya mawili yanatembea pamoja, templeti ya toleo moja na programu ya toleo lingine ni kujitafutia ugomvi kwa sababu ya ile foleni ya alama.

Sasa shida kubwa ya leo, memori. Chipu ni ATmega328P, ina kilobaiti 32 za flashi na kilobaiti 2 za RAM, yaani baiti 2,048 kwa kila kitu, modemu, meseji inayoingia, historia ya joto, vyote. Na kwenye familia hii ya chipu flashi na RAM zina anwani tofauti kabisa, kwaiyo hata ukiandika static const, avr-gcc inanakili jedwali lako kwenye RAM kifaa kikiwaka. Majedwali ya kichanganuzi hayabadiliki milele, kuyaweka kwenye RAM ni kumnyima mgonjwa kitanda.

avr-gcc inayo __flash kwa C, ukiiweka kwenye tamko la jedwali linabaki kwenye flashi na unaendelea kulisoma kwa mabano ya mraba kama kawaida, hamna haja ya kuita pgm_read_byte ya kusoma flashi kila mahali. Swali ni wapi pa kuiandika. Hapa ndo nimeelewa vizuri mipaka ya templeti ya Lemon. yyRuleInfoLhs na yyRuleInfoNRhs zimetamkwa ndani ya templeti, alama iko ndani ya mabano yao, kwaiyo naongeza neno langu na yameisha. Lakini yy_action, yy_lookahead, yy_shift_ofst, yy_reduce_ofst na yy_default hazimo. Tamko lake zima, kuanzia static const, linaandikwa na fprintf ndani ya lemon.c. Templeti ina alama tu na haijui kinachokuja. Hayo matano ndo makubwa.

Njia ya kwanza ni kubadili lemon.c yenyewe, sitaki, kila wakitoa mpya nitaanza kupatanisha. Njia ya pili ni sed, programu ya kubadili maandishi, juu ya faili lililozalishwa, inafanya kazi ila ni hatua nyingine ambayo mtu ataisahau. Nimeenda na ya tatu, imekaa ndani ya templeti yenyewe, kabla na baada ya alama ya majedwali:

#define const const __flash
%%
#undef const

Makro ya C haijirudii ndani yake, kwaiyo const inageuka const __flash mara moja tu, na sehemu hiyo haina #include yoyote, ni majedwali na makro za namba basi. Najua kuna watakaokunja uso kuona neno la lugha linafanywa makro. Mimi naitetea. Ni mistari miwili, iko mahali pamoja, inaonekana, na lemon.c inabaki ilivyotoka kwa wenyewe. Nimefungua faili la ramani la linka, majedwali yote yapo kwenye flashi.

Staki nayo, yaani rundo ambalo kichanganuzi kinaweka vipande ilivyosoma. Usiposema kitu Lemon inatenga nafasi 100. Kwa sarufi yangu kila nafasi ni baiti 1 ya hali (kichanganuzi kimefika wapi kwenye sarufi), baiti 1 ya tokeni au kipande cha sarufi, na baiti 4 za thamani, jumla 6, mara 100 ni baiti 600, karibu theluthi ya RAM yote kwa ajili ya meseji ya mistari mitatu! Nimeandika %stack_size 16, inakua baiti 96. Namba 16 sijaiokota hewani, ukikompaili na YYTRACKMAXSTACKDEPTH unapata fanksheni ya StackPeak inayokwambia staki ilifika wapi, nimeilisha kanuni zenye mabano ndani ya mabano kuliko mtu yeyote atakavyoandika kwenye meseji na haijafika huko. Orodha ya kanuni nimeiandika kwa kurudia kushoto, orodha ::= orodha kanuni, ukirudia kulia staki inakua kila kanuni inapoongezeka na 16 hazitatosha.

Na hamna malloc, yaani kuomba memori programu ikiwa inatembea. Templeti inayo Init na Finalize, unatenga muundo wa yyParser mwenyewe popote unapotaka, na ukiweka makro ya ENGINEALWAYSONSTACK yenye jina lako mbele zile Alloc na Free zinaondoka kabisa.

Jumatano

Leo ni ujumbe wa makosa, siku niliyokua naisubiri.

Kwenye templeti kuna fanksheni yy_syntax_error, na ndani yake alama ambapo kinamwagwa kile ulichoandika kwenye %syntax_error. Kwa sababu kinamwagwa ndani ya fanksheni hiyo, msimbo wako unaona yypParser, yaani unaona staki, unaona kichanganuzi kiko hali gani. Kwaiyo unaweza kukiuliza: kwa hali hii, tokeni namba 1 ingekubalika? Namba 2 je?

for(i=1; i<YYNTOKEN; i++){
  if( yy_find_shift_action((YYCODETYPE)i, yypParser->yytos->stateno)!=YY_ERROR_ACTION ){
    ongeza_tegemeo(r, i);
  }
}

Sifuri naiacha maana ni mwisho wa maandishi. r inapita kwa %extra_argument. Na majina ya tokeni hayatoki kwenye yyTokenName, na hii ni muhimu kwa yeyote atakaeiga: jedwali hilo kwenye templeti limezungushiwa #if, lipo tu kama NDEBUG haijawekwa au kama YYCOVERAGE imewekwa. Ukikompaili ya majaribio linaonekana, ukikompaili ya kupeleka kazini na -DNDEBUG halipo na kompaila inagoma. Ungeweza kuliondolea hilo #if kwenye .lt, ila mimi majina ya ndani siyataki hata hivyo. TK_NAMBA sio kitu cha kumwonyesha muuguzi. Nina faili dogo linalosoma kanuni.h na kurudisha "namba", "kwa", "basi", kwenye flashi pia.

Alafu nikatuma ya kwanza yenye kosa, mtu kasahau neno "kwa":

joto > 8 dakika 30 basi piga;

Jibu likaja: nimekuta "dakika", nilitegemea "basi".

Ni kweli lakini haitoshi. Baada ya 8 angeweza kuandika "kwa", "na", "au" ama "basi". Mbona kinaijua moja tu?

Nimekaa na ripoti ya kanuni.out, ile Lemon inayoandika hali zote, na jibu limo humo. Sarufi ilikua hivi:

kanuni ::= sharti muda BASI tendo MKATO.
muda ::= .
muda ::= KWA DAKIKA NAMBA.

Muda unaweza kua mtupu. Lemon ikibana majedwali inachukua upunguzaji (kufunga vipande vilivyosomwa kua kitu kimoja cha sarufi) unaojitokeza zaidi kwenye hali fulani na kuufanya ndo jibu la tokeni yoyote isiyojulikana. Kwaiyo ilipokutana na "dakika" baada ya sharti haikusema kosa, ilisema sawa, muda ni mtupu, ikapunguza, ikahamia hali inayofuata, na huko ndo ikagundua hapafai. Kwenye hali hiyo mpya kinachokubalika ni basi peke yake. Kosa halijapotea, kichanganuzi hakijameza tokeni mbaya, ila ushahidi wa kilichotegemewa umebaki nyuma kwenye hali iliyopita.

Kuna -c inayozuia kubana, hapo kosa linagundulika mapema, ila majedwali yanavimba. Nimebadili sarufi badala yake:

kanuni ::= sharti BASI tendo MKATO.
kanuni ::= sharti KWA DAKIKA NAMBA BASI tendo MKATO.

Ndefu kidogo, imejirudia kidogo, lakini sasa hali inayofuata sharti haina upunguzaji wowote, inabidi ikae hapo na kukiri. Jibu la meseji ileile:

Nimekuta "dakika" baada ya "8". Nilitegemea: kwa, na, au, basi.

Nimefurahi kuliko nilivyofurahi kifaa kilipowaka mara ya kwanza. Mtu akisoma hivyo anajua cha kufanya bila kunipigia simu.

Tahadhari kwa watakaofuata njia hii: ukiwa na %wildcard (tokeni inayokubali chochote) orodha yako haitakua na maana, kwa sababu popote inaporuhusiwa kila tokeni inakubalika, na ukiwa na %fallback maneno yenye mbadala yataonekana yamekubalika pia kwa sababu yy_find_shift_action inajaribu mbadala kabla ya kukata tamaa. Mimi situmii yoyote.

Ijumaa

Leo fupi. Baada ya kosa templeti inaweka yyerrcnt kua 3, na haitatoa ujumbe mwingine mpaka tokeni tatu ziingie salama. Kwa SQL ndefu ni busara, inazuia kosa moja kuzaa makosa kumi. Kwa kanuni zangu tokeni tatu ni nusu ya kanuni, kosa la kanuni ya pili linaweza kumezwa. Nilifikiria kubadili hiyo 3 kwenye .lt nikaona hapana, sehemu ya kupona makosa ndo sehemu ya templeti yenye matawi mengi na ndo wanayoigusa wenyewe pia. Nimefanya nje: kosa likitokea naacha kulisha, naruka mpaka nukta mkato, Finalize, Init, naendelea na kanuni inayofuata. Ninachotengeneza upya ni baiti mia na kidogo.

Jibu lazima litoshe herufi 160 za meseji moja, kwaiyo orodha ya maneno inakatwa ikizidi, ila sehemu ya "nimekuta nini baada ya nini" haikatwi kamwe.

Jumapili

Nimelinganisha lempar.c na kanuni.lt kwa diff, tofauti zote zinaenea kwenye skrini moja: __flash kwenye yale mawili, mistari miwili ya const, na komenti zangu. Hiyo diff naihifadhi kama faili la patch ndani ya mradi. Wakibadili lempar.c, na huwa wanabadili, kwa mfano siku hizi kuna %realloc kwa wanaotaka staki inayokua yenyewe, nachukua zote mbili mpya, nabandika patch, grep inahesabu alama, alafu naendesha majaribio. Majaribio yenyewe ni faili la meseji mbaya na jibu linalotakiwa kwa kila moja, nimeanza na zile ambazo wauguzi wenyewe waliniandikia kwenye karatasi nilipowaomba waandike kanuni wanavyojua wao.

Kwenye karatasi hizo wengi wameandika "joto likizidi 8" badala ya "joto > 8". Alama ya > kwenye simu ndogo za vitufe iko mbali kweli. Kwaiyo wiki ijayo LIKIZIDI na LIKISHUKA zinaingia kama tokeni, sarufi inaongezeka mistari miwili, na sitegemei kuigusa templeti kabisa. StackPeak nitaipima tena baada ya hapo, alafu boksi la kwanza linaenda zahanati.